Vidudu vya Mdogo Wangu

Hapana, si sukari iliyommaliza mdogo wangu. Sukari alikaa nayo miaka mingi, wakazoeana kama mke na mume mlevi. Kilichommaliza ni kuhurumia vidudu.

Tulitoka navyo kliniki, hapa Voi. Yule msichana wa lishe ana sauti ya kifaranga. "Nyanya, kwa tumbo lako kuna vidudu vizuri, vidogo hata huvioni. Ukivilisha maharagwe, mboga na maziwa lala, yale yaliyoganda, vinasaidia dawa kushusha sukari." Alisema vinasaidia dawa, mimi nimekaa hapo hapo. Mdogo wangu akasikia vidudu tu.

Hakujaliwa mtoto, sasa akapata kijiji kizima. Asubuhi maziwa lala, mchana mboga chungu ya mchunga. Anajipapasa tumbo, na ile sauti yake ya puani: "Kuleni, wanangu."

Namwambia, "Shule utawapeleka lini?"

"Dada, wivu huo."

Na kweli sukari ikashuka kidogo.

Halafu akakanyaga mwiba wa mkonge, ukapita slipas mpaka nyama. Hakusikia, maana mguu wenyewe ulishakufa ganzi. Tulijua kwa harufu. Daktari wa kliniki, yule anaongea kama amebanwa na mlango, akampa kapsuli za rangi mbili. "Hii inaua wadudu wa kidonda. Itaua na wale wazuri wa tumbo, utaharisha kidogo. Maliza dozi."

Si angenyamaza tu!

Alimeza siku moja, akaharisha, akatoka chooni analia kama amefiwa. "Dada, nimewatoa wote." Hakumeza tena. Nikagombana naye, nikambembeleza, nikamfungulia kapsuli ndani ya uji. Akaonja, akaenda kumwagia kuku.

Mguu ukaanza kuwa mweusi kwa vidole, ukapanda. Tulipomfikisha hospitali kubwa wakasema ukatwe chini ya goti siku hiyo hiyo, ndiyo aishi. Nikamshika mkono, nikamtania vile nimezoea: "Hao watoto wako afadhali mama wa mguu mmoja kuliko mama wa kaburini."

Akacheka. Mimi nikadhani amekubali, hata daktari akamwitia mtu wa kumsukuma mpaka chumba cha upasuaji.

Mdogo wangu akamwangalia huyo daktari, na ile sauti ya puani haikuwepo. "Mguu wangu hautanitangulia kaburini. Nirudisheni nyumbani."