Mwalimu Aliyekula Jikoni

Juzi nilikwenda Ibra kuhani msiba wa jamaa yetu, na kabla ya kurudi Maskati nikamwomba mume wangu apite mtaa wetu wa zamani, ule ulio nyuma ya mitende, niuone tu. Nyumba ya Bibi haipo tena. Pamekuwa kiwanja cha kuegesha magari. Lakini ukuta wa nyumba ya jirani umebaki nusu, na rangi yake ya kijani kilichopauka ni ile ile. Nikashuka garini nikasimama mbele yake pale juani mpaka mume wangu akapiga honi.

Mle alikuwa akikaa mwalimu wangu wa Kiingereza, Mmalayali, Mhindi wa Kerala. Kama na wewe ulisoma Omani miaka ile, bila shaka ulikuwa na mwalimu wako wa kigeni: Mmisri, Msudani, Mhindi. Wangu alikuwa mshairi, na kwao alikuwa amepigana vita ambavyo sisi wa Ibra hatukuwa na habari navyo.

Kwanza nikwambie sisi tulikuwa nani. Bibi yangu alikuja Omani na wanawe baada ya mapinduzi ya Zanzibar, akarudi katika mji wa babu zake ambao hakupata kuuona hata siku moja. Kiarabu alikisema kwa kulazimika. Kiswahili ndicho alichochekea, ndicho alichogombea, ndicho alicholia. Na alikuja na Yaya. Yaya ndiye aliyemlea mama yangu, kisha akanilea mimi, na jikoni kwetu hapakuwa na mkubwa ila yeye. Mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba ya baba yake Bibi, na bibi yake alinunuliwa sokoni. Hayo yalikuwa hayasemwi, lakini hapakuwa na asiyeyajua. Tulimpenda Yaya. Alipoumwa, Bibi hakulala. Ila sinia ikishatengwa na sisi tukaizunguka, Yaya alirudi jikoni, na baadaye alikula peke yake kwenye mkeka wake karibu na seredani ya makaa. Mimi nilidhani ndivyo dunia ilivyoumbwa, kama vile mtende usivyozaa nazi.

Na nazi ndizo zilizomleta mwalimu kwetu. Zilikuwa zikitoka Salala, kwenye gunia, na siku ya nazi nyumba nzima ilinukia. Yaya aliketi juu ya mbuzi, akaanza kukuna, kwaru kwaru, kwaru kwaru, na sauti ile ikapita juu ya ukuta. Mara mlango ukabishwa. Mwanamke mwembamba, sari ya pamba, nywele zina mafuta, kasimama anatazama ile mbuzi kama mtu aliyekutana na ndugu yake.

"Hii," akasema kwa Kiarabu chake cha kuokota. "Hii ipo kwetu. Hii ya mama yangu."

Hakungoja kukaribishwa. Akakusanya sari yake, Yaya akampisha, akakalia mbuzi akakuna nazi bila kugusa kifuu, ikatoka nyeupe pe. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga. "Mhindi huyu kazaliwa juu ya mbuzi ya nazi!"

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kwetu. Alasiri alinisomesha Kiingereza barazani, kisha akaingia jikoni kujifunza Kiswahili kwa Yaya, na Kiswahili chake chote kikawa cha jikoni: tui, kifumbu, upawa, koroga, onja. Yaya alimfundisha vitumbua, naye akaapa kwamba hata kwao vipo, ila wao hutia ndizi. Akikuna nazi alikuwa akisema maneno ya kwao kwa mapigo ya mkono wake, mstari baada ya mstari. Yaya akidhani ni dua. Siku moja nikamuuliza.

"Ni shairi," akanambia. "Langu."

Akanieleza kidogo kidogo, siku hii na siku ile. Kijijini kwao palikuwa na watu walioitwa wachafu kwa kuzaliwa tu. Hawaruhusiwi kuteka maji kisimani wala kupita njia ya hekaluni. Yeye alikuwa mtoto wa nyumba kubwa. Alipokuwa msichana alisimama kisimani akawatekea maji kwa mkono wake, mchana kweupe, ndugu zake wakimtazama. Akatunga mashairi juu ya kisima kile, na wanawake wakayashika kwa moyo, wakayaimba wakivuna mpunga. Akaenda vijiji na vijiji, akifungua visima, akiwakalisha watu wale pamoja na wengine.

"Watu waliyapenda mashairi yangu," alisema, "mpaka nilipoolewa nayo." Maana alimpenda kijana mmoja wa wale walioitwa wachafu, akaolewa naye, na mlango wa kwao ukafungwa. Ndipo wakaja Omani, mume akawa muuguzi hospitali. Alikuwa bwana mpole, mwenye kupiga pasi nguo zake nyeupe mwenyewe kila jioni huku redio inalia.

Basi ikaja Idi. Bibi akamwalika mwalimu chakula cha siku ya pili, siku shuwa inapofukuliwa shimoni, nyama imeiva mpaka inaachana na mfupa. Kwa kuwa mwalimu hali nyama, Bibi aliamuru apikiwe chungu chake mbali, kunde za nazi na bamia, upawa wake mbali. Heshima kubwa hiyo. Wanawake wa mtaa walijaa, udi unafuka, sinia zikatengwa. Bibi akamkalisha mwalimu ubavuni kwake.

Mwalimu hakunyoosha mkono.

"Kula, mwanangu," Bibi akasema. "Chako hiki, hakina nyama."

"Yaya yuko wapi?"

"Yaya atakula. Ana chake jikoni."

"Basi namngojea."

Jirani mmoja akakohoa. Bibi akatabasamu kwa midomo tu. "Hutomngojea leo wala kesho. Ndiyo kawaida yake."

Mwalimu akainuka. Hakusema neno baya. Akachukua sahani yake, akavuka ua, akaingia jikoni, akaketi kwenye mkeka wa Yaya. Mle barazani ukasikia vijiko vya watoto tu. Mimi nilimfuata mpaka mlangoni, kwa hivyo nilisikia kwa masikio yangu alivyopokewa.

"Nani kakutuma?" Yaya alisema. "Eh? Nimepika tangu alfajiri, watu wote wamesifu, sasa unataka wanitazame mimi? Umeniaibisha mbele ya wageni wangu."

Mwalimu akaiweka sahani yake mkekani. Kisha akasema, "Kweli. Sikukuuliza wewe."

"Hukuniuliza."

"Nisamehe, Yaya. Kwetu pia nilikuwa na haraka hivi hivi."

Yaya akamtazama, akachukua upawa, akamwongeza kunde. "Kula basi. Ushakuja."

Wageni walipokwenda zao, Bibi alilipuka. Mgeni kaja kumvunjia heshima nyumbani kwake, siku ya Idi, baada ya kutengewa chungu! Akanikataza masomo yale ya barazani. Alasiri zikawa ndefu. Nikikaa barazani nilisikia redio ya bwana yule ng'ambo ya ukuta, na wakati mwingine sauti ya mwalimu ikisema mistari yake, lakini hakuja tena, wala Bibi hakumtaja. Yaya ndiye aliyebadilika. Alikuwa mtu wa maneno mengi, akawa kimya. Chumvi ikazidi, wali ukaungua, mambo yasiyopata kutokea jikoni kwetu.

Mpaka siku moja ya kawaida kabisa, wala si sikukuu. Wali wa nazi, nguru wa kukaanga, na mchicha. Yaya akaleta sinia akaitua. Tukaizunguka: Bibi, mama yangu, mimi. Yaya hakuondoka. Alisimama akifuta mikono kwa kanga yake, akifuta na kufuta, ilhali mikono ilikuwa mikavu. Kisha akakunja magoti akaketi, baina yangu na Bibi, akasema "Bismillahi" kwa sauti ya chini.

Mkono wa Bibi ulikuwa umeshika tonge, ukasita hapo hapo. Mama yangu aliinamisha uso. Mimi nilimtazama Bibi, na nakuapia sikupata kumwona na uso ule kabla wala baada. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu ya umri wake wote. Wawili wale walikuwa wamekua nyumba moja, wamevuka bahari moja, wamezika watu wale wale, na hawajapata kutia mkono katika sinia moja.

Bibi akarudisha tonge. Akamega nguru pale penye mnofu, akatoa mwiba kwa kidole, akakisogeza kipande mbele ya Yaya.

"Kula," akasema. "Samaki anapoa."

Basi. Hapakuwa na hotuba. Tukala. Yaya alikula machozi yanamdondoka kwenye wali, na Bibi akajifanya haoni, akimsogezea mchicha, akimsogezea ndimu. Tulipomaliza Bibi akanawa mikono, akaniita. "Chukua bakuli la wali kwa mwalimu wako. Mwambie aje alasiri. Huyu mtoto Kiingereza chake kimekwisha kuoza." Nikakimbia bila viatu.

Mwalimu alipoingia, Bibi hakumwomba radhi, naye hakuitaka. Alimwambia tu, "Umenipa kazi wewe," akampisha mahali kwenye mkeka. Tangu hapo Yaya alikula nasi mpaka alipokufa. Wanawake wengine wa mtaa walisema sana. Bibi akiwajibu: "Nyumba yangu, sinia yangu." Sitakudanganya kwamba mtaa mzima uligeuka. Haukugeuka.

Mwalimu na mumewe walirudi kwao nilipokuwa namaliza shule. Aliniachia mbuzi ya nazi ya kwao, ndogo, ya chuma, kwa siku nitakayoolewa. Kwa muda tulipata salamu zake kwa watu, kwamba mlango wa kwao ulifunguliwa mama yake alipougua, kwamba wanawake wanamfuata tena kijiji kwa kijiji. Kisha Bibi akafa, Yaya akamfuata kabla mwaka haujaisha, na salamu zikakatika.

Mwaka juzi mama yangu alilazwa hospitali. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia alikuwa msichana wa Kerala, na nilipomtajia jina la mwalimu wangu akaacha kazi aliyokuwa akiifanya. Kumbe ameshafariki, na kwao anasomwa mashuleni. Yeye mwenyewe alifundishwa shairi lake moja, la wanawake wawili na sinia. Akalisoma hapo hapo kwa moyo, amesimama kando ya kitanda. Mimi sikufahamu kitu. Ila katikati, mara tatu au nne, lilipita neno ambalo mama yangu alilisikia akafumbua macho.

"Hilo neno 'Yaya'," nikamuuliza, "kwenu lina maana gani?"

"Si la kwetu," akasema. "Tuliambiwa ni neno la mbali, la kumwita mtu aliyekulea. Kijijini kwetu wasichana wote tulikuwa tukiitana hivyo."

Siku hizi kwenye harusi na misiba yetu chakula kinatoka mkahawani, kila mtu na kisahani chake cha plastiki. Hata juzi Ibra nilikula hivyo. Wanangu Kiswahili wanakisikia, hawakisemi, na wajukuu hawatakisikia. Nikifa mimi, jikoni kwetu hapatabaki mtu wa kusema kifumbu wala upawa. Lakini neno letu moja limebaki kule, na Mama alilitambua hilo siku ile hospitalini kabla yangu. Muuguzi alipotoka alinigeukia, akasema polepole, "Wale watoto wa kule wanamwita Yaya wetu, na hawamjui," akafumba macho tena, anatabasamu.