Kimya cha Mzee Njuguna

Siku yangu ya kwanza kazini redioni, Mhandisi Mkuu wa Sauti alinifungia ndani ya studio tupu na kuniamuru nirekodi. Nirekodi nini? Hakukuwa na mtu. Nikadhani ananichezea kwa kuwa nilikuwa mwanamke pekee katika kitengo kile. Aliporudi alisema, "Kila chumba kina kimya chake. Usifunge mitambo kabla ya kukichukua."

Maana yake nilikuja kuielewa kwa kazi. Mtangazaji akikohoa, unakata kile kikohozi, lakini ukiacha hivyo linabaki shimo ambalo sikio hulishtukia. Shimo hilo huzibwa kwa kimya cha chumba kilekile. Baadaye nilihamishiwa vipindi vya mashambani chini ya Msimamizi wa Matangazo, mama mkali aliyeweza kusikia pumzi isiyotakiwa akiwa mlangoni. Kisha nikaja Thika, studio moja ya Kamenu, ambako nilirekodi kwaya miaka mingi. Kwaya na baridi ya Julai! Nilikata vikohozi mpaka nikawa nakata hata usingizini.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Ruiru. Mkurugenzi wa studio alikuwa na umri wa mwanangu wa pili, na ndiye aliyeniletea kundi la muziki lililojiita Kokoto. Waliingia na patasi, nyundo, karai na kipande cha bati. Gitaa hakuna.

"Shosho, sisi hatuimbi," alisema kiongozi wao, Nyambura, kana kwamba mimi ni bibi yake.

Nilinuna, sitaficha. Lakini aliponieleza nilianza kumsikiliza. Albamu nzima ilikuwa hadithi moja: nyumba ya mawe inajengwa, kutoka mwamba wa machimbo hadi mlango. Kungekuwa na sauti za kazi tu, zikipangwa na kurudiwa, bila neno la binadamu. Mwishoni kabisa mlango ungefunguliwa, na baba yake Nyambura, Mzee Njuguna, aliyechonga mawe maisha yake yote, angesema, "Karibuni ndani."

Tulimrekodi nyumbani kwake Murera, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Siku hiyo kifua kilimbana, sauti ikamkauka, kwa hiyo tulichukua mlio wa nyundo yake tu tukaahidiana kurudi kurekodi maneno. Kabla ya kufunga mitambo niliwaomba wote wanyamaze nichukue kimya cha chumba. Mzee aliketi kwenye kiti chake, akatulia. Nilipomaliza nilimshukuru.

Hatukurudi kwa maneno. Kifua kilimwondoa duniani wiki hiyohiyo.

Nyambura alitaka kuitupa albamu yote. Mkurugenzi akashauri atafutwe mzee mwingine aseme yale maneno mawili, kwani wasikilizaji wangejuaje. Nyambura hakumpigia kelele. Alimjibu, "Basi muiite yenu," akaanza kufungasha vyombo.

Nikamwomba aketi. Nikamvalisha hedifoni, nikamwekea kimya cha Murera. Kilisikika kiti kikilia kidogo, kuku nje, na pumzi ya baba yake, nzito, ikienda na kurudi. Alilia, nami nikalia. Kisha akasema mamake lazima asikie.

Mama alikuja Jumapili akitoka kanisani, akavaa hedifoni juu ya kitambaa chake. Alisikiliza hadi mwisho bila kupepesa macho.

"Hapa anajizuia kukohoa," alisema. "Ulimwambia anyamaze, akanyamaza. Hakutaka kuharibia mtoto kazi."

Akavua hedifoni. "Sasa si umuache akohoe?"

Kikohozi chenyewe nilikuwa nimekikata, kama nilivyofunzwa. Nikakirudisha: sauti yangu ikisema "Asante, Mzee," halafu kikohozi chake, kirefu na kikavu. Mkurugenzi alisikiliza mara mbili, kisha akasema yeye hana neno. Albamu inaishia hapo, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho.

Sasa niko nyumbani Kamenu. Nyinyi mnaoingia kazi hii mna mashine zinazokata vikohozi zenyewe, bila kuulizwa. Zitumieni. Ila mimi huwafikiria wale wote niliowakata, na kuna siku hunisikitisha kwamba sikumuuliza hata mmoja wao alikuwa na nini kifuani.

Nyambura ananiambia kuna vijana wanaoandika mtandaoni kwamba mwisho wa albamu una kosa, kwamba fundi wa sauti alisahau kuzima mitambo. Sikusahau.