Ng'ombe wa Baba Kwenye Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kurasa za mtandao mjini Kericho, kazi ambayo hakuna mtu wa kwetu Sosiot aliyeelewa inafanywaje. Mama aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba nafanya mambo ya kompyuta, kisha akabadilisha mazungumzo haraka kabla hawajauliza swali la pili. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo. Kilicholipa kodi ni kuchapa mitihani ya shule na kadi za harusi. Kurasa nilizitengeneza kwa raha zangu, wakati hakuna mteja na laini ya simu iko wazi.

Na nilitengeneza upuuzi wa kila aina. Kulikuwa na ukurasa wa kuku wa mama, wenye jogoo aliyepepesa jicho moja mchana kutwa bila kuchoka. Kulikuwa na mwingine wa barabara yetu wakati wa mvua: ukibonyeza gambuti, inazama kwenye matope, ukibonyeza tena, inatoka bila mguu. Hakuna aliyeniagiza hata mmoja. Lakini niliopenda kuliko yote ulikuwa ukurasa wa ng'ombe wa baba, na huo nusura uninyime mke.

Niliazima kamera, nikaenda nyumbani Jumamosi moja kuwapiga picha. Baba alivaa koti lake la kanisani akasimama kando ya kila ng'ombe, uso umekazwa, ungedhani anapigwa picha ya kitambulisho. Chini ya kila picha niliandika maneno machache kuhusu tabia ya mhusika: huyu hupenda kufua, akiona shati kwenye kamba analitafuna, huyu hapendi wachungaji wa kanisa. Juu kabisa niliandika kwa herufi kubwa wako wangapi.

Baba aliposikia, alipanda ngazi za ofisi yangu kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Aliketi, akaweka kofia gotini, akautazama ukurasa mpaka mwisho.

"Hiyo namba toa," akasema. "Ng'ombe haihesabiwi, tena mbele ya watu."

Nikaitoa. Akaendelea kutazama, kidole chake kikashuka hadi chini ya ukurasa.

"Na hii namba ingine ni ya nini?"

Nikamweleza kwamba hiyo huhesabu watu wanaotembelea ukurasa.

"Sasa hata watu unahesabu?"

Nikaitoa hiyo pia. Haikuniuma sana, maana wengi wa watu hao walikuwa ni mimi.

Kitu ambacho baba hakunieleza siku ile ni kwamba si ng'ombe wote walikuwa wake. Nilipaswa kujua. Kwetu mtu humwekea rafiki yake ng'ombe. Akae naye, anywe maziwa, amlishe, hata miaka mingi, na ng'ombe abaki wa yule aliyemleta. Wengine hufanya hivyo kwa sababu ya ukame au ugonjwa, wengine kwa sababu hawataki ndugu zao wajue walicho nacho. Aliyewekewa hatangazi. Mimi, kwa ujuzi wangu wote wa kompyuta, nilikuwa nimechukua siri za wanaume wenzake baba nikazitundika zionwe dunia nzima.

Wakati huo nilikuwa nampenda mwalimu mmoja wa shule ya msingi karibu na mji, binti wa kutoka Chebunyo, mbele ya Bomet, aliyekuwa akileta mitihani ichapwe. Nampenda ni neno dogo. Nilikuwa nikisikia viatu vyake ngazini nakosea kuandika jina langu. Yeye alikuwa na adabu na haraka. Siku moja alikuja wakati hakuna kazi, akasimama mlangoni na kusema ana jambo la kuniambia. Nikaogopa, nikamwambia asubiri kwanza nimwonyeshe kitu cha kuchekesha, nikafungua ukurasa wa ng'ombe.

Mtandao wa siku zile ulileta picha kwa vipande, kutoka juu kwenda chini. Alicheka kwa wa kwanza, akacheka kwa wa pili. Wa tatu zikaja pembe, likaja sikio lenye mkato, kisha likaja paji la uso lenye baka jeupe lililokaa mfano wa kijiko. Kicheko kikakatika. Akasogeza kiti.

"Hii mmetoa wapi?"

"Iko kwa baba kitambo," nikasema. "Nafikiri aliletewa na rafiki yake wa upande wenu."

Akaniomba nimtolee picha hiyo kwenye karatasi, kwa rangi. Wino wa rangi mwenye ofisi aliufungia kabatini kwa uangalifu kuliko pesa. Nilitoa bila kufikiri, nikampa bure, nikijiambia kwamba mwanamke anayetaka picha ya ng'ombe wetu yuko karibu kututaka sisi wenyewe. Ile habari aliyokuja kuniambia alisahau, na mimi sikumkumbusha. Kuanzia siku hiyo akawa ananisubiri jioni tutembee. Kabla mwaka haujaisha tukakubaliana wazee waende kwao kwa koito, yaani mazungumzo ya mahari.

Tulipokuwa tunakaribia boma lao, baba alinishika mkono. "Leo wewe ni kiti," akasema. "Kiti haiongei."

Baba wa msichana alikuwa amefariki miaka michache nyuma, kwa hiyo upande wao walioongea ni wawili: mzee wa ukoo, mtu mkavu mwenye fimbo, na baba mdogo wake, yaani ndugu wa marehemu, mwanamume mnene mwenye vicheko vingi. Huyo baba mdogo na baba yangu walikumbatiana kama watu wanaojuana tangu zamani, jambo lililonifurahisha sana. Nilidhani mambo yamekwisha kuiva.

Tukanywa chai. Tukaomba. Baba akaanza kueleza kwa mzunguko kilichotuleta, na mzee akamwinulia fimbo.

"Sisi hatutaki maneno mingi," akasema. "Ya kwanza tunataka hii."

Akatoa karatasi mfukoni mwa koti, akaikunjua na kuiweka mezani kando ya chupa ya chai. Nikaona rangi zangu. Nikaona baka la kijiko. Nikamtazama baba, na uso wake ulikuwa umezima.

Baba mdogo ndiye aliyecheka kwanza. "Mzee, hiyo ni mambo ya kompyuta tu. Hizo mashine zinaweza kutoa kichwa ya mbuzi ziweke kwa mtu. Hakuna ng'ombe kama hiyo mahali."

Mzee akanigeukia mimi, kiti. "Kijana, wewe ndio fundi. Hii ng'ombe iko, ama ulichora?"

Mkono wa baba ulitua gotini kwangu, mzito. Nilielewa: ng'ombe ni wa mtu, na anayemfichua mwenye ng'ombe amevunja urafiki wa wazee. Ningesema nimechora, kila mtu angecheka, tungeendelea, na baba angebaki na heshima yake. Ningesema yuko, huenda tukafukuzwa na nikamkosa. Nilimtaka yule msichana kiasi kwamba uongo ulikuwa tayari ulimini, umeshavaa viatu.

Hapo akaingia yeye, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando wanayonyweshwa wageni waliokubaliwa. Msichana wa koito huingia macho chini. Yeye aliingia macho juu, akaniangalia moja kwa moja, hakutabasamu, hakukonyeza. Alisimama tu na kile kibuyu akingoja kama wengine.

"Iko, mzee," nikasema. "Nilipiga picha mwenyewe, na ikanipiga teke."

Mkono wa baba ukatoka gotini. Alikohoa, akainuka. "Iko kwangu," akasema polepole. "Lakini si yangu, niliwekewa. Siwezi toa mahari na mali ya mtu. Mwenyewe akiniambia nilete, nitaleta." Hakumtazama mtu yeyote, na kwa kutomtazama mtu yeyote akawafanya wote wamtazame baba mdogo.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama wa msichana akatoka akijipangusa mikono kwa leso. Hakupandisha sauti.

"Mimi sina maneno," akasema. "Nauliza tu ile ngozi."

Upande wetu hatukuelewa, mpaka mzee alipotueleza. Mume wa huyu mama alipofariki, alimwachia ng'ombe mmoja wa maziwa mwenye baka usoni. Matanga hayajaisha, shemeji yake akaja na habari kwamba ng'ombe amekufa malishoni kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Mama aliuliza ngozi iko wapi, maana ng'ombe akifa ngozi hubaki. Alijibiwa kwamba mjane asianze ugomvi kwenye msiba. Watoto walikunywa chai ya rangi miaka yote hiyo, na shemeji ndiye aliyeketi mbele yetu akipekua mifuko yake kutafuta leso.

"Ngozi iko wapi?" mzee akamwuliza.

Akasema labda walichanganya. Akasema zamani kulikuwa na ng'ombe wengi wenye alama. Mwishowe akamwambia baba, akiitazama chupa ya chai, "Ilete."

"Basi hiyo inarudi kwa mama," mzee akasema, akaikunja karatasi na kuirudisha mfukoni. "Sasa tuanze koito."

Baba alikaa chini kwa kishindo. Alikuwa amepoteza ng'ombe wake bora wa maziwa na mahari yalikuwa hayajaanza hata kutajwa. Tulipopita Bomet tukirudi nyumbani, alinigeukia.

"Hiyo kiti yangu," akasema, "ilikuwa na mdomo." Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akavua kofia.

Yule ng'ombe nilimtoa kwenye ukurasa wa baba nikamtengenezea wake peke yake, wenye jina la mama mkwe wangu juu. Alikuja ofisini kuutazama akiwa amevaa nguo aliyoshonewa kwa ajili ya harusi ya binti yake, akagusa kioo penye sikio lenye mkato, akauliza kama ng'ombe akizaa itabidi nibadilishe picha. Nikamwambia ndiyo. Niliona fahari ambayo kadi za harusi hazijawahi kunipa.

Jioni moja, tukiwa tumeshaoana, nikamwuliza mke wangu ni jambo gani alilokuja kuniambia siku ile mlangoni.

"Kwamba uache kunisumbua," akasema, akiendelea kumenya viazi.

Sikupenda jibu hilo. "Kwa hivyo ulinikubali juu ya ng'ombe."

"Juu ya ng'ombe nilianza tu kutembea na wewe."

"Na kukubali je?"

Akaweka kisu chini. "Ile siku, ungesema umeichora, hiyo mursik ningekunywa mwenyewe."