Safu ya Wasiopita

Mama Vifungo aliliona bati la nyumba ya dada yake kila siku, na ulikuwa mwaka wa pili hawajashikana mikono. Yeye alikaa juu ya mteremko, dada yake chini. Katikati palikuwa na barabara kali, nyembamba, isiyo na hata kipande cha kupita mtu wa miguu. Magari yakipishana, wewe unajibandika ukutani kama tangazo na kumwomba Mungu. Siku moja gari lilimpiga kumbo, akabingirika, na nyonga ikapona nusunusu. Tangu hapo akawa mtu wa ndani, yeye na cherehani yake. Dada naye magoti yalishamgomea, kupanda hawezi. Wakabaki na simu. Lakini simu ni simu tu, jamani, haikushiki bega.

Asubuhi moja karani wa ofisi ya barabara akaweka kiti cha plastiki nje ya dirisha la Mama Vifungo, akachora mstari wa chaki barabarani.

“Unaandika nini, baba?”

“Nahesabu wanaopita, mama. Miguu, baiskeli, magari. Kuna vyuma vya kushikilia na njia ya pembeni, ila vinatosha barabara moja tu. Itapata yenye watu wengi. Hapa nahesabu leo tu.”

Vyuma vya kushikilia! Moyo ulimruka. Angeweza kushuka mwenyewe, polepole, mpaka mlangoni kwa dada. Siku hiyo alishona vifungo vitatu kombo.

Saa tisa alasiri akashindwa kuvumilia. “Tumefika wapi?”

“Wa miguu kumi na tisa. Baiskeli mbili, na zote zinasukumwa. Hapa watu hawapiti, mama.”

“Hawapiti kwa sababu hawawezi! Mimi hapa sijapita mwaka wa pili huu. Niandike!”

Karani akaipitia karatasi juu mpaka chini, anatafuta kwelikweli, maskini. “Hakuna safu ya wasiopita.”

Neno hilo lilimchoma. Mtu mzima, ana jina, ana nyumba, halafu hana pa kuandikwa! Akachukua fimbo, akapiga moyo konde, akatoka. Alivuka chaki, akaenda hatua kumi. Lori likaja linanguruma, likamkwangua pindo la gauni. Akarudi ameshikilia ukuta, analia kwa aibu.

“Wawili,” karani akasema, akiandika.

“Wawili gani?”

“Umeshuka, mmoja. Umepanda, mmoja. Kila anayevuka chaki anahesabiwa, ndiyo amri niliyopewa.”

“Lakini sijafika popote!”

“Karatasi haiulizi umefika wapi, mama.”

Mama Vifungo akamtazama. Akapenga kamasi. “Kalamu yako ina wino wa kutosha?”

“Upo.”

“Na unafunga saa ngapi?”

“Kumi na mbili.”

Basi akageuka. Hatua kumi chini, hatua kumi juu. Gari likija, ukutani, likipita, anaendelea. Nyonga ilimuuma mpaka kisogoni. Hakuna aliyesimama kumuuliza ana nini, madereva walimpigia honi tu. Upweke wa ndani aliuzoea. Huu wa barabarani, watu wanakuona na hawakuoni, ulimuuma zaidi. Karani hakucheka wala hakumpa pole. Aliandika.

Alikuwa amevuka mara thelathini na tano simu ilipolia mfukoni.

“Mdogo wangu, ni wewe huyo?” Ilikuwa sauti ya dada. “Nakuona kutoka barazani. Unakwenda, unarudi, unakwenda, unarudi. Umedondosha nini?”

Akatazama chini. Pale mbali mtu mdogo, mweupe kichwani, alishika nguzo ya baraza kwa mkono mmoja.

“Sijadondosha kitu, dada. Nakuja kwako.”

“Mbona unarudi sasa?”

Akageuka, akamwona karani kalamu mkononi, anamsubiri. “Wewe simama hapohapo,” akasema, akavuka chaki tena.