Maji Matamu ya Bi Khaduja

Hakuna mja aliyejua thamani ya tone la mvua kumshinda Bi Khaduja binti Yahya. Kisiwani Djerba, ambako chini ya kila ua pana kisima cha kuhifadhia mvua na hadhi ya nyumba hupimwa kwa utamu wa maji yake, kisima chake kilikuwa na sifa. Kila mwisho wa kiangazi, kabla ya wingu la kwanza, alipanda paani mwenyewe, akalifagia paa, akalipaka chokaa mpya mpaka likang'aa kama sanda, ili mvua iteremke kisimani ikiwa safi. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake.

Mumewe, Mzee Sliman, alikuwa mwenye duka la vyakula huko Tunis, kama wanaume wengi wa kisiwa hicho, na ulimi wake ndio uliokuwa nusu ya mtaji. Kiharusi kikamkuta dukani, kikamnyang'anya mkono wa kulia na maneno yote. Akarejeshwa nyumbani, akalazwa karibu na dirisha, akawa anautazama ukuta. Bi Khaduja alimsomea Kurani, akamhadithia ya ujana wao, akamgombeza. Asipate hata mguno.

Binti yao Rim alipokuja likizo kutoka Ufaransa alileta mmea wa ajabu ndani ya kopo: majani yake yamekunjuka kama viganja vyenye kucha, na mdudu akitua, kiganja hufumba. Akauweka dirishani. Asubuhi moja inzi akatua, kiganja kikafumba, na kutoka kitandani ikatoka sauti kavu, kama mlango uliokaa sana bila kufunguliwa:

"Kammeza!"

Bi Khaduja akaangusha sinia.

Tangu hapo maneno yakarudi, moja moja. Mzee akaupa mmea jina la Zimwi.

"Zimwi... kala?"

"Bado, bwana. Anangoja."

"Mama yako... hakungoja."

Bi Khaduja alicheka mpaka akalia, kwani marehemu mama yake alikuwa mlaji mashuhuri.

Tabibu akamwonya: "Kinachomsemesha, kishike hicho hicho. Akinyamaza tena, siahidi kumrudisha."

Siku ya kuondoka, Rim naye akausia: "Mama, maji ya bomba yatamuua Zimwi. Mpe ya mvua tu."

"Ya mvua? Wewe unamfundisha samaki kuogelea?"

Akateka kisimani, kata baada ya kata. Na mwanamke huyu, ambaye hakuwahi kuvumilia chembe ya mkate sakafuni, akawa anaweka vichwa vya samaki dirishani ili kualika inzi. Jirani yake Bi Mabruka akaziba pua.

"Shoga, wenzio wanafuga kuku, wewe unafuga inzi?"

"Nafuga ulimi wa mume wangu," akajibu.

Kiangazi kikakolea. Majani mapya yakachipua madogo, ncha zake nyeusi. Akaongeza maji. Viganja vikaacha kufumba. Inzi wakawa wanatembea humo kama wako barazani kwao. Akaongeza tena, akisoma Bismillahi kwa kila kata.

"Zimwi... mgonjwa?"

"Amefunga, bwana. Ni sunna."

"Na Magharibi... hafuturu?"

Bi Khaduja akainuka. Akaenda uani, akampigia Rim simu.

"Mama, unampa maji gani?"

"Ya kisimani. Mvua tupu, Mungu ni shahidi."

Rim akauliza: "Hiyo mvua, kabla ya kufika kisimani, inapita wapi?"

"Paani."

"Na paani umepaka nini, mama?"

Bi Khaduja akaketi juu ya ukingo wa kisima.

"Chokaa," Rim akasema. "Na kuta za kisima ni chokaa. Sisi haitudhuru, lakini mizizi ile inaungua nayo. Kosa ni langu, nilipaswa kukumbuka."

"Nitege beseni?" aliuliza, huku akiinua macho. Mbingu ilikuwa kavu kama kigae. Mvua haikutarajiwa mpaka vuli.

Akaenda mjini Houmt Souk, akanunua maji ya mvuke yasiyo na chokaa, yale yatiwayo katika betri za magari, akarudi akiyakumbatia. Alipouosha mmea, shina likachomoka lenyewe. Mizizi ilikuwa myeusi, ikamong'onyoka vidoleni kama mkate uliolowa.

Aliingia chumbani mikono mitupu. Alikuwa ametunga uongo uani. Mbele ya macho yale akauacha.

"Zimwi?"

"Amekufa, bwana. Nimemuua mimi, kwa maji yetu."

Mzee Sliman akamtazama kwa muda mrefu. Midomo ikatikisika. Bi Khaduja akainama mpaka ndevu zikamgusa sikio, akasubiri. Hapakutoka ila pumzi. Kisha uso ule ukageukia ukuta, polepole.

"Nitukane," akamwomba. "Sliman, nitukane tu, walau tusi moja."

Mzee akafumba macho.