Ua wa Heriberto

Gugu, gugu, gugu. Ndivyo ua ulivyomeza mvua Heriberto alipokuwa hai, na Otilia alilala kwa sauti hiyo miaka yote ya ndoa yao.

Nyumba yao imeng'ang'ania ubavu wa mlima huko Manizales, ambako paa la huyu liko chini ya kizingiti cha yule. Majirani wote walisakafia nyua zao kwa saruji, maana saruji ndiyo heshima. Heriberto alichimba beseni pana chini ya mlizamu wa bati, akalijaza kokoto na mchanga, kandokando akapanda majimbi na mchaichai. Maji ya paa yakaingia humo, yakatulia, yakazama polepole. Watu walimcheka.

"Heri kapanda mawe," walisema. "Atavuna vyura."

"Chura habomoi ukuta," aliwajibu, jicho lake likiwa kwenye paa la Rubiela, chini ya ua wake.

Rubiela alikuwa komadre wa Otilia: ndiye aliyemsimamia Wilmar, mwana wa Otilia, ubatizo. Tena ndiye aliyewaombea wafu wa mtaa mzima. Heriberto alipofariki, Rubiela alipanda ngazi na rozari yake kuongoza siku tisa za sala.

Jioni ya kwanza watu waliketi uani. Mguu wa kiti cha Nohelia, dada wa marehemu, ulizama katika udongo laini, akaanguka, kahawa ikammwagikia kifuani. Akainuka, akajipangusa.

"Maskini kaka yangu," alisema, kila mtu akisikia. "Kafa bila hata sakafu ya kuwekea msiba wake."

Neno hilo lilimkaa Otilia kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi Wilmar, ambaye ni mwashi, alikuja na mafundi wenzake, mifuko ya saruji begani.

"Sema neno, mama, nianze."

"Na maji?"

"Yatashuka. Maji yana kazi gani nyingine?"

"Yatashukia kwa komadre."

"Msiba ukiisha nitachimba mfereji. Au unataka shangazi atuimbe mpaka mji wa Pereira?"

Otilia aliyatazama majimbi. Kisha akaingia jikoni kuwachemshia mafundi maji ya sukari guru, na kule kuingia jikoni ndiko kulikokuwa kukubali kwake.

Saruji ilipokauka, viti vilisimama wima. Nohelia alisifu. Rubiela alipatazama pale palipokuwa na beseni, akaanza sala.

Mchana wa siku ya mwisho mvua ilishuka kama iliyokatwa kamba. Ua ulikaa kimya. Maji yaliteleza juu ya saruji, yakaruka ukingo, yakachimba chini ya ukuta wa Rubiela. Ukuta ukainama, kisha ukalala, na jiko likaenda nao. Rubiela alikuwa sokoni. Aliporudi alikuta watu wa maafa wamekwisha kuuchora mlango alama nyekundu: hapakaliki tena. Ilimbidi ahamie kwa dada yake, mji mwingine.

Jioni hiyo, kabla ya kuondoka, alikuja, sketi ikiwa na tope hadi magotini. Otilia alimpokea mlangoni.

"Leo si lazima, Mama Rubiela," Wilmar alisema, akitazama chini.

"Roho haiachwi njiani kwa sababu ya jiko langu. Nisogezee kiti."

Aliongoza mpaka mwisho. Maua yakaondolewa, mishumaa ikazimwa mmoja mmoja, ukabaki ule ambao mjane huuzima mwenyewe, akimuaga marehemu kwa jina. Watu wakasimama. Otilia aliuinamia mwali, pumzi isitoke.

"Muage, komadre," Rubiela alimwambia. "Anakungoja."

Otilia akamsogezea mshumaa.

"Muage wewe," alisema, kwa sauti ambayo hata Nohelia, aliyesimama kando yake, hakuisikia. "Mimi namwonea haya."