Vidole vya Jiwe

Tingatinga lilipopanda kilima chetu cha mawe meupe, nje ya Masalani, lilipita juu ya vidole vya jiwe kama linavyopita juu ya mavi ya mbuzi. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikapiga kelele, dereva akanipungia mkono, akadhani namsalimia. Jioni nilichambua kifusi kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Sikupata hata mzizi mmoja mzima.

Rafiki yangu, huenda huujui mmea huo. Si ajabu, maana kote tulikochunga sikuuona kwingine. Hauna majani. Ni vijiti vinene vya kijivu, vyenye pembe nne, urefu wa kidole, vimejificha chini ya vichaka vya miiba. Ua lake linanuka nyama iliyooza. Sisi watoto tulikuwa tunasukumana pua humo na kucheka.

Ule mwaka mbuzi walipokwisha kwa ukame hatukucheka. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Ayeeyo, bibi yetu, alitupeleka pale alfajiri, mimi na dada yangu, midomo imepasuka. Alivunja kidole kwa ukucha, kamwe si kwa kisu, akakifuta vumbi kwa ushungi wake. Kwanza kilikuwa kichungu, halafu maji yakajaa mdomoni, yana ladha ya tikiti bichi. Kila shina alichukua viwili tu, akarudishia tawi la miiba juu yake ili mbuzi wa watu wasilifikie. Dada yangu akanyoosha mkono kutaka cha tatu.

"Chako umekula," ayeeyo akamwambia. "Hicho ni cha mtoto wako."

Tuliishi hivyo mpaka mvua ikaja. Wenzetu wengine haikuwakuta.

Alikuwa na neno jingine pia: hapa haonyeshwi mtu asiyewahi kulala na kiu.

Neno hilo nililivunja mimi. Naliandika mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine. Mpimaji wa kampuni ya barabara aliletwa kwangu na chifu, eti mimi naijua ardhi. Tulitembea tangu asubuhi, chupa yake ikaisha, akakaa chini anahema.

"Mzee wangu, nakufa," akasema.

Nikamhurumia. Kilima kilikuwa karibu, nikampeleka, nikamvunjia kidole. Akatafuna, akatema. "Hii ni chakula ama dawa ya mbu?" Kisha akagonga ardhi kwa kisigino. "Lakini haya mawe, mzee, haya mawe ni mazuri."

Kiu ya saa moja si kulala na kiu. Mimi, mtu mzima, nilipaswa kulijua hilo.

Na usidhani hawakujua walichokuwa wanakichimba. Afisa wa mazingira alishakuja kabla yao, akapiga picha, akatuambia mmea huu ni adimu, unakaribia kutoweka duniani, ataleta uzio. Uzio haukuja. Barua ya kuchimba mawe ya barabara ilipofika mezani kwake, akapiga muhuri. Nikaenda kwa chifu.

"Walaal, ndugu yangu, utazuia barabara kwa sababu ya majani?" akaniuliza mbele ya watu.

"Hauna majani," nikamjibu. Baraza zima likacheka.

Barabara yenyewe mvua ya kwanza iliila, malori yaendayo Hulugho yanakwama kama zamani. Kilichobaki ni shimo, na chini yake matope yenye mbu. Ayeeyo amezikwa ng'ambo ya shimo hilo, na nikipita kumwombea dua natazama pembeni.

Mwaka huu mvua imekataa tena. Dada yangu ana mjukuu, meno yake ya mbele yameng'oka.

Kosa langu nimelisema, wallahi sikulipunguza. Sasa ninyi watatu, mpimaji, chifu na mwenye muhuri, njooni mkae ukingoni mwa shimo mchana kutwa, bila chupa. Nitamleta huyo mtoto. Atauliza kile kidole alichowekewa kiko wapi, na mmoja wenu atamjibu.